Meru na Embu Hazijakosa Elimu ya Lishe

Kuna kauli moja ambayo mkazi yeyote wa Meru au Embu ameisikia kliniki, redioni, kanisani na kwenye baraza la chifu: chakula bora si ghali, kimejaa mashambani, na anayekula vibaya amejitakia. Wanaoishikilia hawakosi vielelezo. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ina udongo mwekundu wenye rutuba na mito inayoshuka kutoka msituni. Ndizi za Imenti hupakiwa kwenye malori kwenda Nairobi, viazi vya Kibirichia na Timau vivyo hivyo, na msimu wa parachichi ukifika matunda huoza chini ya miti. Mboga za terere na managu humea hata pale ambapo hakuna aliyezipanda. Basi, husemwa, mama anayewapa watoto chai ya rangi na mandazi asubuhi, kisha ugali na sukuma wiki jioni, leo, kesho na keshokutwa, tatizo lake ni ujinga ama uvivu, na dawa yake ni somo la lishe. Naipinga kauli hiyo. Chakula kipo, hilo silibishi. Ninachokataa ni hesabu inayotazama bei ya fungu la mboga na kusahau kila kitu kinachohitajika ili fungu hilo liwe mlo: moto, maji, muda, ardhi, na pesa mkononi siku hiyo hiyo. Vyote vikitiwa hesabuni, chakula bora ni ghali kwa mwenye kipato kidogo, na hakuna somo linaloweza kushusha bei hiyo.

Wapinzani wangu wana takwimu moja yenye nguvu, na afadhali nianze nayo. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ulionyesha kwamba asilimia 19.4 ya watu wa Meru walikuwa maskini. Ni kaunti chache mno nchini, Nairobi na Nyeri zikiwemo, zilizokuwa na kiwango cha chini kuliko hicho. Embu ilikuwa na asilimia 28.2, nayo ikawa chini ya wastani wa taifa wa asilimia 36.1. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya kaya wa 2022 ulipowapima watoto wa chini ya miaka 5, ulikuta Meru takriban mtoto mmoja kati ya wanne amedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18. Hapo wenye kauli ile hupiga makofi: mnaona, pesa zipo, ardhi ipo, na bado watoto wanadumaa, kama si ujinga ni nini? Lakini kama ujinga ndio chanzo, mtu atueleze kwa nini Garissa, kaunti kavu yenye shule chache na umaskini mkubwa kuliko Meru, ilikutwa na watoto wachache zaidi waliodumaa. Garissa ina balaa lake, watoto hukonda ukame unapobana, lakini ina maziwa nyumbani, na mtoto huyanywa. Hakuna aliyewafundisha mama za Garissa somo ambalo mama za Igembe, huko Meru, hawakupata. Tofauti iko katika kinachofika kikombeni. Mstari wa umaskini hupima matumizi ya kaya nzima; haupimi pesa iko mfukoni mwa nani, inaingia mwezi gani, wala mama amebakiwa na saa ngapi za kukaa jikoni. Kaya inaweza kuuza chai au miraa na kuhesabiwa juu ya mstari huo, huku mtoto wake wa miaka 2 akinywa uji mtupu wa mahindi miezi nenda miezi rudi.

Tumchukue kibarua wa shambani, kwa kuwa ndiye anayehubiriwa zaidi. Kima cha chini cha mshahara wake, baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya mwaka 2024, kilikuwa shilingi 7,997 kwa mwezi. Katika utafiti ule ule wa 2015/16, KNBS ilikadiria kwamba mtu mzima wa mashambani alihitaji chakula cha shilingi 1,954 kwa mwezi ili apate kalori 2,250 kwa siku. Sasa hesabu baba, mama, watoto wawili wa shule ya msingi na mmoja wa miaka 3. Kwa kipimo cha KNBS yenyewe, ambapo mtoto wa umri wa shule huhesabiwa 0.65 ya mtu mzima na mdogo 0.24, familia hiyo ni sawa na watu wazima 3.54, na chakula chao ni shilingi 6,917. Hizo ni bei za wakati ule. Yaani mshahara wote wa 2024, ukinunua chakula kwa bei za miaka 8 nyuma, unabakisha shilingi 1,080 za kodi ya nyumba, sabuni, sare za shule, nauli na dawa. Na kipimo chenyewe ni cha kalori tu. Hakiulizi kama mtoto alipata yai, tunda au maharagwe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya 2020 kuhusu hali ya chakula duniani, yalikadiria kwamba mlo kamili wenye afya hugharimu takriban mara tano ya mlo wa kujaza tumbo kwa wanga. Siihamishi tano hiyo hadi Runyenjes, huko Embu, ambako mboga ni rahisi kuliko katika miji mingi ya dunia. Hata ingekuwa mara moja na nusu tu, mshahara huo ungekwisha kabla ya tarehe 25. Tena tunazungumzia anayelipwa kima hicho na kufanya kazi mwezi mzima. Wengi huchuma chai au kahawa kwa malipo ya kilo, na siku isiyo na kazi haina malipo.

Najua jibu linalokuja: maskini hahitaji nyama wala jibini, ana githeri. Nakubali kabisa. Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja hukamilishana protini, na ukiongeza terere na kiazi umepata mlo unaoshinda vyakula vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa hotelini. Wazee wa Meru na Embu hawakukosea. Lakini tazama githeri inavyopikwa. Mahindi makavu na maharagwe hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa saa 2 au 3, na zaidi ya hapo kama maharagwe yamekaa ghalani msimu mzima yakawa magumu. Shambani, moto wa mafiga hauli pesa, ila unakula mtu: kuna mwanamke au msichana aliyezitafuta kuni hizo na anayelazimika kukaa karibu kuzisogeza na kuongeza maji. Mjini, katika chumba cha kukodi cha mtaa wa Dallas pale Embu au Majengo pale Meru, mafiga hayapo na mwenye nyumba hataki moshi. Kuna jiko la makaa, au mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Kuujaza mtungi huo hupita shilingi 1,000, ambazo ni zaidi ya kazi ya siku 3 kwa kima kile cha chini. Ukiutumia kuchemshia githeri mara tatu kwa wiki, juu ya chai na ugali wa kila siku, hauoni mwisho wa mwezi. Sukuma wiki huiva kwa dakika chache, ugali kwa robo saa, na mandazi ya kununua hayahitaji moto kabisa. Mama anayechagua ugali na sukuma amelielewa vizuri somo la protini. Amepiga hesabu ya moto, na jibu lake ni sahihi. Serikali ilipotoza VAT ya asilimia 16 kwa gesi ya kupikia Julai 2021, ilipandisha bei ya githeri bila kugusa bei ya maharagwe. Ushuru huo ulipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022 na kuondolewa 2023, na kuondolewa kwake kulifaa lishe ya mijini kuliko mabango mengi yaliyobandikwa zahanati.

Wapo waliolitatua tatizo hili zamani, na hakuna anayewashukuru. Katika masoko yetu kuna wanawake wanaouza githeri iliyokwisha kuchemshwa. Sufuria kubwa imewekwa juu ya kuni tangu alfajiri, imefunikwa kwa gunia ili joto lisitoke. Muuzaji hupima kwa kikombe, huongeza kidogo juu, na mnunuzi hupeleka nyumbani akakaange na kitunguu na nyanya kwa dakika 10. Moto mmoja umepikia nyumba nyingi. Kibarua aliyelipwa jioni hununua vikombe vinavyolingana na alichopata, bila kuhitaji gorogoro nzima ya maharagwe. Hakuna mpango wa lishe nchini unaofikisha protini kwa maskini wa mjini kwa bei nafuu na kwa ukaribu kama mwanamke huyo. Naye mara nyingi yuko kando ya barabara, kwenye vumbi au tope, mbali na bomba la maji, akikatiwa tiketi ya soko kila siku na kukimbizwa na askari wa kaunti akikaa mahali pasiporuhusiwa. Kaunti inayowatuma wahudumu wa afya nyumba kwa nyumba kuhimiza maharagwe, kisha ikamwaga sufuria ya anayeyapika, inajipinga yenyewe.

Ardhi nayo haifanani na inavyosemwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu, na mashamba ya zamani yamegawiwa wana na wajukuu hadi yakawa vipande. Juu ya kipande hicho limesimama zao la pesa: chai kule Kionyo, Githongo na Mungania, kahawa chini yake, miraa Igembe, na muguka, jamii ya miraa, kule Mbeere. Simlaumu mkulima kwa hilo; zao la pesa ndilo linalosomesha. Lakini lina kalenda yake. Shirika la chai la KTDA hulipa kiasi kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, na pesa ya kahawa husubiriwa miezi mingi, wakati mtoto anakula kila siku. Miraa hulipa upesi, ila soko lake huamuliwa na wengine: Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, Somalia ikaizuia tangu 2020 hadi Julai 2022, na Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi wakaifungia muguka milango ya kaunti zao. Shamba lililojaa miraa halina mahindi ya kurudia soko likifungwa. Maziwa nayo hupita mbele ya watoto asubuhi kwenda kwa chama cha ushirika. Mkulima amekuwa akipata shilingi zinazozunguka 50 kwa lita, na dukani pakiti ya nusu lita huuzwa karibu 60. Asiye na ng'ombe, na wasio na ng'ombe ni wengi kuliko wahubiri wanavyodhani, anaishi katika kaunti ya maziwa na kuyanunua kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake ya shambani.

Tena "Meru na Embu" ya kauli ile ni nusu tu ya Meru na Embu. Kaunti zote mbili zimo katika kaunti 23 kame na nusu kame zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, kwa sababu ya Mbeere upande mmoja na nyanda za chini za Igembe na Tigania upande mwingine. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilifeli misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Mwambie mama wa Kiritiri, kule Mbeere, kwamba managu humea yenyewe. Kinachoumiza zaidi ni kwamba Mbeere imepakana na mto Tana na mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu yake, Kindaruma tangu 1968, Masinga tangu 1981, Kiambere tangu 1988, na maji hayo yanawasha taa za nchi nzima huku mashamba ya jirani yakisubiri mawingu. Wakulima wa huko waliposhauriwa kupanda mtama wa gadam kwa ajili ya kutengenezea bia, walitii. Mwaka 2013 serikali ikatoza ushuru wa asilimia 50 kwa bia ya Senator inayotumia mtama huo, mauzo yakaporomoka, na wanunuzi wakapunguza magunia. Huyo ni mkulima aliyesikiliza ushauri na kufuata mafunzo, na aliyemwangusha ni sera iliyoandikwa Nairobi.

Kuna wanaosema maskini ana pesa, ila anazipeleka kwenye pombe, soda na muda wa maongezi. Wapo wanaofanya hivyo, kama walivyo wenye mishahara mikubwa, na mtoto wa mlevi hakuchagua baba. Lakini hoja hii inaanguka mbele ya ukweli mmoja. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 94 ya watu wazima nchini hawali kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Asilimia 94 ni pamoja na walimu, mawakili na madaktari. Taifa zima linaposhindwa, kumnyooshea kidole mwenye kipato kidogo peke yake ni dhuluma. Wengine huuliza: kama chakula ni ghali, mbona utafiti wa 2022 ulikuta karibu nusu ya wanawake wana uzito uliozidi? Kwa sababu kalori za bei ya chini kabisa zimo kwenye unga uliokobolewa, sukari na mafuta ya kukaangia. Andazi la shilingi 10 linashibisha kuliko machungwa ya shilingi 10, na mwenye shilingi 10 anajua. Kunenepa na kudumaa vinaweza kukaa nyumba moja, mama na mtoto, vikitoka sufuria moja.

Hoja iliyobaki ni bustani ya jikoni, na hii naiheshimu zaidi ya zote. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga za kienyeji zina madini na vitamini kuliko kabichi iliyozichukulia nafasi, na kwamba hukua haraka hata kwenye udongo duni. Mboga za gunia zimewasaidia watu. Mwenye maji na mahali pa kuweka gunia anastahili kuhimizwa. Lakini gunia linataka maji kila siku ya kiangazi, na pale ambapo mtungi wa lita 20 unanunuliwa, kumwagilia terere ni kumimina pesa. Mpangaji wa chumba kimoja hana hata kibaraza. Na mboga, hata zikiwa nyingi namna gani, haziwi maharagwe, maziwa wala mayai. Bustani ni nyongeza njema kwa mwenye mlo. Kuifanya jibu la umaskini ni kumkabidhi maskini kazi ambayo Katiba imeipa serikali, kwa maana Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika.

Tunajua kinachofaa, kwa kuwa kimewahi kufanywa. Mwaka 1979 serikali ya Moi ilianza kuwagawia wanafunzi wa shule za msingi maziwa ya bure, na wengi waliosoma miaka ya 1980 bado wanayakumbuka kwa jina la maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulikufa kwa ukosefu wa pesa na usimamizi, lakini haukufa kwa sababu watoto waliyakataa maziwa. Nairobi, tangu 2023, mtoto wa shule ya umma hulipa shilingi 5 akapata chakula cha moto mchana kupitia mpango wa Dishi na County. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya pesa za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Sheria kama hiyo ingefaa Meru na Embu kuliko mahali pengi duniani: ndizi, viazi, ndengu za Mbeere, maharagwe na maziwa vyote viko umbali wa saa chache kutoka kila darasa. Mtoto angelishwa na jirani yake, mkulima angepata mnunuzi asiyebadilika kila magavana wanapogombana, na moto mmoja wa shule ungepika githeri ambayo nyumba mia haziwezi kumudu kuipika kila moja peke yake.

Itasemwa kaunti hazina pesa. Hazina za kutosha kwa kila jambo, ni kweli, lakini tazama yaliyomo mikononi mwao. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kilimo, afya, masoko na elimu ya chekechea. Uji wenye maziwa na unga wa wimbi kwa watoto wa chekechea ni uamuzi wa kaunti. Banda lenye paa, bomba na jiko lisilo na moshi kwa wauza githeri ni uamuzi wa kaunti, na kuwafutia tiketi ya kila siku ni karatasi moja ya bunge la kaunti. Maji ya kunyunyizia Mbeere yanahitaji mkono wa serikali kuu, ila madai yake lazima yaanze Embu. Pesa za semina za uhamasishaji hupatikana kila mwaka. Hizo ndizo za kuanzia.

Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa bungeni kufikia Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni kwisha, na sheria inataka mwananchi aulizwe maoni. Wewe msomaji wa Nkubu, Maua, Siakago au Manyatta, nenda kwenye kikao cha wadi yako. Muulize mwakilishi wako uji wa chekechea umetengewa shilingi ngapi, wauza githeri wamejengewa wapi, na bomba la sokoni litatoa maji lini. Usiondoke kabla hajakujibu kwa tarakimu.